Mkate wa ufuta unaoangukia makaani

Pole, dada. Umesema ukigeuza kikaango juu ya makaa ili ufuta ubabuke, mkate unadondoka. Na mimi ulinitesa hivyo hivyo, mpaka nilipoacha kupaka kikaango mafuta. Mkate huu lazima ugande, kwa hiyo kikaango kisichogandisha chakula hakifai. Tumia cha chuma kizito.

Unga wa ngano vikombe 3, hamira kijiko kidogo 1, chumvi, kitunguu saumu, yai 1, na tui zito vuguvugu kama kikombe 1½. Upige kwa mkono hadi uvutike, uuache uumuke. Ukiona unanata, usiongeze unga; unatakiwa kunata.

Pasha kikaango, nyunyizia maji ya chumvi, weka donge, litandaze kwa mkono uliolowa, umwagie ufuta. Vikitokea vitundu juu na ukingo ukikauka, ndipo ugeuze kikaango juu ya makaa. Ukiwahi, mkate utaanguka tu. Makaa yawe yametulia, bila ndimi za moto. Ukishababuka, ubandue kwa kisu na upake samli.

Pikia nje: moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka dakika 20. Lengelenge likiwa kubwa, nenda hospitali.