Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Mfalme Yupi?

SWALI: Mimi ni seremala wa Mombasa. Mteja mmoja ameniletea picha ya kiti chenye miguu iliyopinda, kimepakwa rangi ya dhahabu, akaniambia anataka seti ya sebuleni ya mtindo wa Louis XVI. Wiki iyo hiyo mteja mwingine amekuja na picha ya kiti chenye miguu iliyonyooka, naye akakiita kwa jina hilohilo. Nimwamini nani?

JIBU: Mwamini wa pili. Miguu iliyopinda ni ya mtindo wa Louis XV, mfalme wa Ufaransa na babu yake Louis XVI. Ule unaoitwa wa Louis XVI ulianza kabla mjukuu hajakalia kiti cha enzi mwaka 1774, wakati watu wa Paris walipokwisha kuchoka na mapindo na nakshi za makombe ya baharini, na habari za magofu ya miji ya kale ya Herculaneum na Pompeii huko Italia, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1738 na 1748, zilipowarudisha kwenye mistari ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Tazama mguu wa mbele. Umekerezwa ukawa mviringo, unapungua unene kadiri unavyoshuka, na mara nyingi umechimbwa mifereji kama nguzo ya hekalu. Panda nao hadi unapokutana na fremu ya kikalio: utaona kipande cha mraba kilichochongwa ua. Katika mtindo uliotangulia, mguu na fremu huungana kwa pindo moja lisilokatika, ilhali hapa kiungo kinajionyesha waziwazi. Nakshi nazo hubaki mahali pake, kama vile taji la majani au utepe uliofungwa fundo, na sehemu kubwa ya mti huachwa tupu. Mstari ulionyooka hauna pa kuficha kosa, kwa hiyo mafundi wenzangu wanaodhani kwamba mtindo huu ni rahisi kuliko ule wa mapindo watajuta siku ya kuunganisha.

Kuhusu dhahabu, naomba usikimbilie kopo la rangi. Kiti cha Paris kilitengenezwa kwa mti wa jozi au kwa miti mingine ya kawaida ya misitu ya Ulaya, na vingi vilipakwa rangi nyeupe au kijivu tu. Vilivyotiwa dhahabu vilipakwa kwanza matabaka ya chokaa laini na gundi, yakasuguliwa, kisha yakabandikwa karatasi nyembamba za dhahabu halisi. Georges Jacob, aliyepata cheo cha fundi mkuu mwaka 1765, alisifiwa kwa umbo na uchongaji wa viti vyake kabla ya mng'aro wowote.

SWALI: Nimesoma kwamba meza moja ya mfalme ilichukua miaka tisa. Walikuwa wakifanya nini muda wote huo?

JIBU: Meza hiyo ipo Versailles, kasri la wafalme karibu na Paris. Jean-François Oeben aliianza mwaka 1760 kwa ajili ya Louis XV, akafa mwaka 1763, na Jean-Henri Riesener, kijana wa Kijerumani aliyefanya kazi katika karakana yake na baadaye akamwoa mjane wake, akaikamilisha mwaka 1769. Ina kifuniko kinachojikunja kuingia ndani, na saa juu yake. Pande zote zimetiwa njumu, yaani picha za maua na ala za muziki zilizopangwa kwa vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali vilivyobandikwa juu ya mti wa kawaida.

Jambo lisiloonekana kwenye picha ni wingi wa mikono. Sheria za vyama vya mafundi wa Paris zilitenga kazi, hata seremala wa njumu hakuruhusiwa kujimiminia na kujipakia dhahabu mapambo yake ya shaba nyeusi, bali aliyapata kwa wenye ufundi huo. Hawa walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka, kisha wakapasha moto mpaka zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu. Ninapoona mng'aro ule mzito, ambao rangi ya kopo haiufikii, hukumbuka mapafu ya waliouleta.

Riesener mwenyewe hakumaliza vizuri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopiga mnada samani za Versailles mwaka 1793 na 1794, mafungu zaidi ya 17,000, alinunua baadhi ya kazi zake akitumaini kuziuza tena, lakini wanunuzi wa zamani walikuwa wamekimbia au wamekufa.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Wafaransa walitumia mpingo wetu, ndiyo maana fundi wao wa samani huitwa ébéniste?

JIBU: Jina hilo latokana na ébène, mti mweusi walioupenda katika karne ya 17, lakini huo ni wa jamii ya Diospyros. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde. Isitoshe, kufikia enzi ya Louis XVI jina lilikuwa limebaki na mti wenyewe umepoteza nafasi, kwani katika miaka ya 1780 waliokuwa na fedha waliagiza mahogani ya Karibi iliyopakwa vanishi na kuachwa bila picha.