Maswali ya Wasomaji: Kwenda Oman Kipindi cha Joto

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda kwa jamaa zao Oman, au wenye ndugu wanaofanya kazi huko. Tumezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mwezi wa saba nakwenda Nizwa kwa dada yangu, wiki tatu. Mimi ni mtu wa Tanga, joto nimezaliwa nalo. Watu wananitisha bure au kuna jambo? (Msomaji, Tanga)

Hawakutishi bure, dada. Kwanza, mwezi wa saba Tanga ni kipupwe. Unaondoka mwili wako ukiwa umeshasahau joto la kaskazi, unashuka Maskati ambako hata usiku huwa zaidi ya nyuzi 30, kisha unaingia Nizwa ambako mchana kuvuka nyuzi 40 ni jambo la kawaida. Mwezi Juni 2018 mji wa Quriyat, upande wa kusini-mashariki wa Maskati, ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6.

Pili, joto la Nizwa si hilo unalolijua. Tanga jasho linakaa mwilini; unaliona, unajifuta, unatafuta maji. Nizwa hewa ni kavu na jasho linakauka papo hapo linapotoka. Ngozi inabaki kavu huku ukipoteza lita nzima kwa saa moja ya kutembea juani. Ile ishara unayoitegemea nyumbani, nguo kulowa, huko huipati. Kwa hiyo usingoje jasho wala kiu: kunywa glasi moja kila dakika 20 ukiwa nje, na uangalie mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokolea, au ukipitisha muda wa saa nne hujaenda haja ndogo, umeshachelewa kunywa.

Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Ndani ya siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na lenye chumvi pungufu. Lakini haujifunzi ukishinda ndani ya kiyoyozi. Siku mbili za kwanza toka baada ya Alasiri, jua likishalegea, utembee kivulini dakika 20 hadi 30. Kila siku ongeza dakika 10 au 15 mpaka ufike saa moja na nusu. Sokoni Nizwa nenda kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya Magharibi. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, mwezi Juni hadi Agosti. Vibarua waliozoea wanaondolewa juani saa hizo. Mgeni naye akae ndani. Kiyoyozi kitegeshe nyuzi 24 hadi 26, si 18, maana kutoka kwenye baridi ile kuingia kwenye nyuzi 45 ndiko kunakoleta kizunguzungu mlangoni.

Baibui lako liwe la kitambaa chepesi na pana, na ndani uvae pamba. Polista inayobana huzuia jasho kukauka.

Mume wangu anafanya kazi Maskati. Anakunywa maji kutwa, hata lita nane, mkojo mweupe kabisa, lakini jioni kichwa kinamgonga, misuli ya miguu inamkaza na anasikia kichefuchefu. Aongeze maji? (Msomaji, Unguja)

Asiongeze. Dalili hizi kwa mtu anayekojoa mara kwa mara, na mkojo mweupe kama maji, zinaonyesha kuwa chumvi ya mwilini imezimuliwa. Jasho linatoka na chumvi. Yeye anarudisha maji matupu. Maskati hali ni mbaya zaidi kuliko bara kwa sababu ya unyevu wa bahari: jasho halikauki, halipoozi mwili, na mwili unazidi kulitoa bila faida. Mwulize kama vidole vimevimba au pete inabana; hiyo nayo ni dalili ya maji kuzidi chumvi.

Kiasi cha kunywa kisizidi lita moja kwa saa, hata kazi ikiwa nzito lita moja na nusu ndiyo mwisho. Asiruke mlo, kwa sababu chumvi nyingi ya mtu mzima hutoka kwenye chakula. Laban (mtindi mwepesi wa kunywa) yenye chumvi kidogo pamoja na wali wa mchana inafaa sana, na inapatikana kila duka. Siku ya jasho la saa nyingi anywe lita moja ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari: pakiti nzima kwa kiasi kamili cha maji kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala pungufu. Akikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Asizidishe chumvi kwa kukisia, na kama ana presha au figo amwone daktari kwanza.

Akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kupata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini, na anameza vidonge vya presha. Tutakaa wiki mbili Bahla na wiki moja Maskati. Insulini tutaihifadhije? (Msomaji, Mombasa)

Safarini ibebeni kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari na pakiti zake zenye jina la mama. Mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege unaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kipande cha barafu kifungwe taulo kisigusane na chupa.

Mkifika, zile ambazo hazijafunguliwa ziwekeni kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Inayotumika yaweza kukaa nje kama joto halizidi nyuzi 30, kwa kawaida hadi siku 28. Soma karatasi ya dawa yenyewe. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa saba huzidi nyuzi 30.

Umeme ukikatika Bahla, mna msaada mlangoni: ni mji wa wafinyanzi. Chukua mtungi mdogo, uweke ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, lowesha mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Insulini ikae ndani kwenye kikopo kilichofungwa, na kipimajoto kando yake ili mjue kweli imeshuka chini ya 30. Maji yanapokauka kwenye udongo huondoka na joto. Lakini Maskati msitegemee mtungi, wala vile vifuko vya kulowesha vinavyouzwa madukani. Hewa imeshajaa mvuke, maji hayakauki, na joto halishuki. Huko ni friji au chumba chenye kiyoyozi.

Joto hufanya insulini ifyonzwe haraka zaidi, hivyo sukari inaweza kushuka ghafla. Kutetemeka na jasho la ghafla msiseme ni joto tu, pimeni. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), apewe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.

Kuhusu presha, vidonge vya kukojosha kama furosemide, ambayo wengi huiita Lasix, huongeza upotevu wa maji. Asiache wala kupunguza mwenyewe. Amwone daktari wake kabla ya safari, wapange dozi ya siku za joto kali, na muwe na mashine ya kupimia. Akisimama akaona giza, au namba ya juu ikawa chini ya 100, mpigieni daktari siku hiyo.

Mtu akianguka kwa joto, apewe nini kwanza? Panadol inasaidia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Panadol haisaidii. Inashusha homa ya maradhi, ambapo ubongo wenyewe umepandisha joto. Hapa mwili umeshindwa kulitoa.

Muulize jina lake, leo ni siku gani, na yuko wapi. Akijibu sawasawa lakini amechoka, ana jasho jingi na kizunguzungu, mpeleke kivulini, inua miguu, legeza nguo, mpe ORS funda kwa funda. Ndani ya nusu saa awe anapata nafuu. Akijibu ovyo, akagomba bila sababu, akayumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Usiseme hakiwezi kuwa kwa kuwa bado anatoka jasho. Wengi hutoka jasho mpaka mwisho. Piga 9999, namba ya dharura ya Oman, na usikae kungoja gari. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima huku mnampepea bila kusimama, mwekee barafu shingoni, makwapani na kinenani. Aliyezimia alazwe ubavu na asipewe chochote mdomoni. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayookoa ubongo na figo, kwa hiyo kumpooza kunatangulia safari ya hospitali.

Feni peke yake kwenye chumba cha nyuzi 45 inampulizia joto. Mloweshe kwanza. Bara, kulowesha na kupepea kunafanya kazi upesi. Pwani, tegemea zaidi barafu na maji baridi mengi.

Halafu jambo ambalo wageni hawalijui: mchana wa kiangazi bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, maana tangi liko juu ya paa. Wenyeji huzima hita ya bafuni na kutumia maji yake, kwa kuwa hita iko ndani ya nyumba. Gusa maji kabla hujammwagia mgonjwa au kumwogesha mtoto, na weka ndoo mbili za akiba ndani.

Nilipata homa siku ya kumi baada ya kufika. Wenyeji walisema ni joto. (Msomaji, Pemba)

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka Afrika Mashariki ipimwe malaria, na siku ya 7 hadi 30 ndiyo hatari zaidi. Mwambie daktari waziwazi ulikotoka. Kule malaria si ugonjwa wa kwanza anaoufikiria.

Maziwa ya ngamia mabichi ni dawa? (Msomaji, Malindi)

Yachemshwe. Mabichi huleta homa ya brusela, na ngamia hubeba pia kirusi cha MERS, kinachoshambulia mapafu, kilichotambuliwa Saudia mwaka 2012. Nawa mikono ukitoka zizini.

Tunataka kuendesha gari jangwani Sharqiya. Tuchukue maji kiasi gani? (Msomaji, Nairobi)

Lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na kiasi kama hicho tena cha akiba, kwenye madumu kadhaa, si dumu moja. Likipasuka moja mbaki na mengine. Nendeni Novemba hadi Februari, magari mawili, na mwachieni mtu mjini ratiba yenye saa ya kurudi. Upepo wa tairi ushushwe hadi psi 15 au 18 kabla ya kuingia mchangani, na mbebe pampu ya kuujaza tena.

Gari likikwama msiliache kutafuta msaada kwa miguu. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Kaeni kwenye kivuli chake, nje si ndani, juu ya mkeka au kiti, kwa sababu mchanga wenyewe una joto kuliko hewa. Chimbeni magurudumu jua likizama. Na mkikuta bonde lina maji yanayopita, hata kama hapo mlipo hakuna wingu, ngojeni yaishe: mvua ya milimani hushuka ghafla, na maji ya magotini huweza kuliondoa gari barabarani.