Bibi, Mtoto wa Miaka Miwili na Foleni za Orlando

Barua nyingi za likizo tulizopokea safari hii zinauliza mahali pamoja: Walt Disney World, eneo la bustani za michezo na burudani huko Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Tumejibu nne za huko, na moja ya Muscat tumeiweka mwisho. Saa zote humu ni za Kiswahili. Tukisema saa 1 asubuhi, simu yako itaonyesha 7:00.

Nina watoto watatu, wa miaka 2, 6 na 11. Tunashuka kwa gari Julai, siku nne, na mume wangu anataka tumalize bustani zote nne ili hela isipotee. Inawezekana?
*Mama wa watatu, Columbus, Ohio*

Dada, kuingia zote nne mtaweza. Kuzifaidi hamtaweza, hasa na huyo wa miaka miwili. Eneo lote lina karibu kilomita za mraba 100, na bustani zenyewe zimetawanyika: Magic Kingdom (ya 1971), Epcot (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Ukiingia moja tu, siku moja, miguu hutembea kilomita 10 hadi 15. Julai joto hupita nyuzi 32, unyevu kama wa Tanga mwezi Machi, na mchana radi na mvua ni jambo la kawaida. Tena mnafika mkiwa mmeshakaa garini karibu kilomita 1,500.

Tungekuwa sisi, tungenunua siku tatu: Magic Kingdom, halafu siku ya kulala na kuogelea hotelini, kisha Animal Kingdom, na ya mwisho Hollywood Studios kwa ajili ya huyo wa miaka 11. Epcot isubiri. Ni nzuri, lakini wengi wanaoisifu ni watu wazima wanaopenda kula na kutembea polepole. Mwambie mume wako kwamba bei ya tiketi kwa siku hushuka kadiri siku zinavyoongezeka, kwa hiyo siku ya nne ni nyongeza ndogo, na hiyo ndiyo inayowanasa watu. Kilicho ghali siku ya nne ni uchovu. Mwenye miaka miwili haingii kwenye hesabu ya tiketi kabisa, maana chini ya miaka 3 ni bure. Wa miaka 3 hadi 9 ana tiketi ya mtoto, ila punguzo lake ni dogo mno. Kuanzia miaka 10 ni mtu mzima.

Kabla ya lolote, wapime watoto kimo nyumbani, ukutani, kwa futi kamba. Mlangoni pa kila mchezo wa kasi kuna kipimo, na mfanyakazi hasikilizi ombi wala machozi. Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zinataka sentimita 97. Tower of Terror ni 102. Space Mountain, Expedition Everest na Flight of Passage ni 112, na TRON ni 122. Sasa chukua mtoto wa miaka 6 mwenye sentimita 110: ataruhusiwa kwenye nusu ya anavyovitamani na kukataliwa nusu nyingine. Aambiwe hayo sebuleni, wiki mbili kabla. Akiyasikia kwa mara ya kwanza mbele ya Space Mountain, siku imeharibika kwa wote.

Kwa mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mwombeni mfanyakazi wa mlangoni utaratibu wa kupokezana, unaoitwa Rider Switch. Mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo. Wakishuka, aliyebaki anapanda bila kuanza foleni upya. Hauna malipo. Ombeni kabla ya wa kwanza kuingia foleni, si baada ya kutoka.

Ratiba ya siku ya Magic Kingdom ndiyo inayowashinda wengi, na sababu yake ni maegesho. Gari haliegeshwi mlangoni. Mnaliacha ng'ambo ya ziwa, mnafika kituo cha usafiri, mnakaguliwa mikoba, ndipo mnapanda kivuko au treni ya juu. Tengeni saa nzima kutoka kuzima injini hadi kugusa geti. Bustani ikifunguliwa saa 3 asubuhi, gari liwe limeegeshwa saa 1 na nusu. Wanaolala kwenye hoteli za Disney huruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine, na maegesho ya bustanini kwao ni bure. Ninyi wengine ni kama dola 30 kwa siku.

Saa mbili za mwanzo zina thamani kuliko tano za mchana. Nendeni moja kwa moja Fantasyland, sehemu yenye michezo ya wadogo, mwanze na Peter Pan's Flight, kwa sababu foleni yake hufura mapema na haishuki mpaka usiku. Kisha Winnie the Pooh, kisha Dumbo. Michezo hiyo haina kipimo cha kimo, hata mdogo anapakatwa. Pirates of the Caribbean ni ndefu na ina kiyoyozi, iwekeni akiba ya saa za jua. Haunted Mansion nayo haina kipimo, lakini ni giza na mizimu, mwenye miaka miwili anaweza kulia kuanzia mlangoni. Ikifika saa 7 mchana, tokeni. Rudini hotelini, watoto walale hata wakikataa, mrejee saa 11 jioni kwa tiketi ileile na mkae mpaka fataki. Familia zinazong'ang'ania ndani kutwa utazikuta saa 9 alasiri zimeketi kwenye ukingo wa njia, zinagombana.

Radi ikianza, michezo ya nje husimamishwa. Hapo watu wengi hukimbilia magari. Msikimbie. Ingieni kwenye mchezo wa ndani, vaeni makoti ya mvua ya plastiki mliyonunua duka la bei rahisi kabla ya safari, na mvua ikikatika mtakuta foleni zimepungua.

Kigari cha kusukumia mtoto njooni nacho. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132. Vya kukodi vipo, lakini ni vya plastiki ngumu na havitoki nje ya bustani, kwa hiyo kutoka getini hadi garini mtoto aliyelala utambeba mwenyewe. Fungeni kipande cha kanga kwenye mpini, kwa sababu wafanyakazi huvipanga upya vigari wakati mko ndani, na vyote vinafanana. Ila msikifunike chote kwa kanga ili kumkinga na jua: hewa haipiti, na ndani joto hupanda haraka. Acheni pande mbili wazi.

Na hizo pasi za kulipia za kupunguza foleni, Lightning Lane Multi Pass? Julai, kwa Magic Kingdom, zina maana. Kwa Animal Kingdom mkifika mapema mnaweza kuziacha. Huchaguliwa kwenye programu ya simu kuanzia saa 1 asubuhi ya Orlando, siku 7 kabla kwa wageni wa hoteli za Disney na siku 3 kabla kwa wengine. Mnachagua michezo mitatu na muda wa kila mmoja, na mkishatumia wa kwanza mnaongeza mwingine. Bei hupanda na kushuka kulingana na siku na bustani. Mdogo hahitaji pasi. Pawabenki mbili zilizojaa ni lazima, maana kila kitu kipo kwenye simu, kuanzia tiketi na ramani hadi chakula.

Shikamooni. Natoka Dar na mama yangu, ana miaka 71, magoti yanamsumbua na Kiingereza hajui. Dada yangu yuko Houston na watoto wake. Tumpeleke Disney au tumwache apumzike?
*Mwana wa Kigamboni*

Asante kwa salamu. Mpelekeni, ila apewe siku yake na isiwe ya kukimbizana. Tungempeleka Animal Kingdom. Humo kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, hasa Lamu, na maandishi ya Kiswahili yako ukutani. Bibi atakuwa mtu pekee katika familia anayeyasoma bila msaada, na pengine atawasahihisha.

Kiti cha magurudumu hukodishwa karibu na geti, anayewahi ndiye anayepata. Kama dada yako anaweza kuazima kimoja Houston, bora zaidi, kwa sababu atakihitaji hata uwanja wa ndege. Msitarajie kiti kiwarushe foleni: foleni nyingi zimejengwa kwa upana wa kiti kupita, na pale ambapo hakipiti mtapewa muda wa kurudi unaolingana na foleni ilivyo. Huduma ya DAS, ya wenye ulemavu kungoja zamu nje ya foleni, ambayo watu hushauriana kuiomba kwa ajili ya wazee, tangu 2024 imewekwa zaidi kwa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji. Magoti hayatoshi.

Kilimanjaro Safaris ni lori la wazi linalozunguka kama dakika 20 kati ya twiga, vifaru na simba. Njia imetengenezwa makusudi iwe na mashimo. Aliyezoea daladala za vumbi atacheka, lakini mgongo mbovu utaumia, basi asikae nyuma kabisa. Nendeni mapema asubuhi, wanyama wakiwa wanatembea. Baada ya hapo apumzishwe kwenye onyesho la muziki la Festival of the Lion King palepale Harambe, nusu saa ya viti na kiyoyozi. Kwa mtu wa magoti, hiyo ndiyo zawadi kubwa ya siku. Maputo msiingie nayo, hayaruhusiwi kwa usalama wa wanyama.

Dawa zinazohitaji baridi hupokewa kituo cha huduma ya kwanza. Mwandikieni karatasi kwa Kiingereza yenye jina lake, maradhi yake na namba mbili za simu, aivae shingoni ndani ya kifuko. Watoto nao waandikwe namba mkononi kwa kalamu isiyofutika, na wapigwe picha kila asubuhi wakiwa na nguo za siku hiyo. Anayepotea amtafute mtu mwenye kibandiko cha jina kifuani. Mtoto aliyepotea hupelekwa kituo cha kutunzia watoto wachanga, kwa hiyo kijueni kilipo tangu mnapoingia.

Kabla hujaondoka Dar, mkatie mama bima ya afya ya safari. Usiku mmoja wa hospitali Marekani unaweza kuzidi gharama ya safari nzima. Na kama ni wewe utakayechagua pasi ukiwa bado nyumbani, saa 1 asubuhi ya Orlando ni saa 8 mchana kwenu wakati wa kiangazi chao, na saa 9 alasiri wakati wa baridi.

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza tiketi zenye siku mbili zilizobaki, nusu bei. Tununue?
*Msomaji, Minneapolis*

Hapana. Tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine, na siku ya kwanza ilipotumika geti liliifunga na kidole cha mwenyewe. Mtazuiwa hapo mlangoni, na muuzaji atakuwa ameshajitoa kwenye kundi. Zile za bei ya kutupa zinazotangazwa kwenye vibanda vya barabarani Kissimmee, mji jirani wa bustani, huwa na sharti la kukaa saa kadhaa mkishawishiwa kununua hisa ya nyumba ya likizo. Siku yenu ya likizo ndiyo malipo.

Tuko wanane, Waislamu, na tumeambiwa chakula cha huko kitatumaliza. Tunaweza kuingia na cha kwetu?
*Baba wa familia, Houston*

Mnaweza. Chakula na vinywaji vinaruhusiwa. Vinavyokatazwa ni pombe, vyombo vya kioo isipokuwa chupa ndogo za chakula cha mtoto, na deli kubwa kupita sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Barafu ya vipande na barafu kavu (ile inayotoa moshi) pia hapana. Gandisheni chupa za maji, zitapoza chakula asubuhi na kunywewa mchana. Sambusa, chapati za kukunja na mayai ya kuchemsha hustahimili. Wali wa nazi kwa joto lile hauvuki saa 6, uacheni. Maji ya baridi kwenye kikombe hutolewa bure katika vibanda vya chakula vyenye mashine ya soda, ombeni tu.

Kwa watu wanane, nyumba ya kukodi yenye jiko Kissimmee ni nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli, na nyama halali mtaipata Orlando. Mkila bustanini, mwiteni mpishi mapema mumuulize. Ulizeni hasa kuhusu maharage na mboga, ambamo nyama ya nguruwe hujificha, na peremende laini zenye jelatini. Mkitaka meza ya kukaa, nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Sanaa, mgahawa ulio ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, una sinia la mikate ya Kihindi na michuzi ya kuchovea, na dirishani twiga wanapita. Huhitaji tiketi ya bustani kuingia hotelini.

Orlando ni mbali na viza ni shughuli. Je, huku Ghuba?
*Mama watoto, Muscat*

Nendeni Abu Dhabi, kisiwa cha Yas. Kwa wadogo chagueni Warner Bros. World, ya 2018, ambayo yote iko chini ya paa na kiyoyozi, hivyo hata Agosti inafaa. Ferrari World, ya 2010, ni ya vijana zaidi, na treni yake ya Formula Rossa hufika kilomita 240 kwa saa. Wekeni saa tano au sita za barabara pamoja na mpaka, na kabla ya kuondoka hakikisheni bima ya gari inafanya kazi Imarati, maana wengi hukumbuka wakiwa wameshafika kwenye kizuizi.