Kamusi ya Kikorea kwenye simu: maswali yenu wiki hii

Sanduku la barua limejaa swali moja lililovaa nguo tofauti: kamusi ipi? Tatizo letu linaeleweka. Kamusi nyingi nzuri za Kikorea kwa wageni zimeandikwa kwa Kiingereza, nasi Kiingereza tulikipata darasani. Nimechagua barua saba.

Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita na Kiingereza changu si haba. Simu yangu ina nafasi ya programu moja tu. Niweke ipi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Weka Naver Dictionary. Ni ya bure, inatoka Korea Kusini kwenyewe, na Wakorea wanaitumia kila siku. Ila kuwa macho: ndani yake mna kamusi nyingi, na mbili kati ya hizo watu huzichanganya. Moja ni ya Kiingereza, imetengenezwa kwa Mkorea anayejifunza Kiingereza. Nyingine ni ya Kikorea, kwa mgeni anayepitia Kiingereza. Wanafunzi wangu wengi hufungua ile ya kwanza, wakakutana na sentensi ndefu za magazetini, wakadhani Kikorea kimewashinda. Wewe fungua ya pili.

Na ipo nyingine isiyokula nafasi hata kidogo, maana inafunguka kwenye kivinjari: krdict.korean.go.kr. Hii ni kamusi ya msingi ya Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea, yenye maneno yapatayo 50,000 na tafsiri za lugha 11. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura watakuta Kifaransa humo, na walioko Muscat watakuta Kiarabu. Ninachokipenda zaidi ni nyota zilizo kando ya maneno. Nyota tatu ni neno la anayeanza, moja ni la aliyekwenda mbali. Kwa mwaka wa kwanza usihangaike na neno lisilo na nyota.

Nikiandika “rice” naletewa maneno matatu. Nishike lipi? (Msomaji, Nairobi)

Jibu unalo mdomoni tayari. 벼 ni mpunga, 쌀 ni mchele, 밥 ni wali. Kiingereza kina neno moja kwa vyote vitatu, kwa hiyo kamusi inalazimika kumpa Mwingereza maelezo marefu: ule ulio shambani, ule usiopikwa, ule uliopikwa. Wewe yasome mara moja, kisha daftarini andika Kiswahili. Ukiandika “rice” mara tatu, siku utakapotaka kununua kilo mbili sokoni utaomba wali.

Kwenye ukoo ndiko nilikocheka peke yangu nilipokuwa naanza. Kamusi inakuandikia “uncle” kwa 큰아버지, “uncle” tena kwa 작은아버지, na “uncle” kwa 외삼촌. Vunja maneno yenyewe sasa: 큰 ni kubwa, 작은 ni ndogo, 아버지 ni baba. Baba mkubwa na baba mdogo! Huyo wa tatu ni mjomba. “Aunt” naye yuko hivyo hivyo: 고모 ni shangazi, 이모 ni mama mkubwa au mama mdogo. 동생 ni mdogo wangu, awe wa kike au wa kiume. Mwanafunzi wa London hukaa na mambo haya wiki nzima. Mtoto aliyelelewa Tanga anayajua tangu hajaanza shule.

Lakini usije ukavimba kichwa. Dada mkubwa ana majina mawili: msichana humwita 언니, mvulana humwita 누나, na hapo Kiswahili hakikusaidii. Kuvaa nako ni mtihani, kwa kuwa sisi na Waingereza tuna neno moja tu. Wakorea hutumia 입다 kwa nguo, 신다 kwa viatu, 쓰다 kwa kofia na miwani, 끼다 kwa pete. Ndiyo maana nawaambia kila siku: tafsiri ya juu ni ya kukuonyesha njia tu, teremka hadi kwenye mifano. Kamusi isiyo na mifano ifute.

Nasikia maneno kwenye tamthilia, nayaandika vizuri kabisa, kamusi inasema hakuna. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Ungemwambia mgeni atafute “hatukumwona” kwenye kamusi ya Kiswahili, angeipata? Lazima avue viambishi hadi afike kwenye “ona”. Kikorea ni hivyo hivyo, ila wao huvalia nyuma. Kitenzi chao kwenye kamusi huishia na 다. Kwa hiyo 먹어요 (ninakula) na 먹었어요 (nilikula) vyote utavipata chini ya 먹다.

Tabu ni vile vinavyobadilika hadi shina. 추워요, “kuna baridi”, hutoka kwa 춥다. 몰라요, “sijui”, hutoka kwa 모르다. 들어요 inaweza kuwa ya 듣다, kusikia, au ya 들다, kuinua, na ni sentensi tu itakayokuambia ni ipi. Naver mara nyingi hulitambua neno lililonyambuliwa na kukupeleka kwenye shina. Kamusi ya taasisi huorodhesha maumbo ya kitenzi ndani ya ukurasa wake, na Wiktionary ya Kiingereza ina jedwali zima la mnyambuliko. Ila jaribu kulivua mwenyewe kwanza, hata ukikosea. Mazoezi hayo ndiyo yatakayokusaidia unapomsikiliza mtu, kwa sababu hatasimama akusubiri ufungue simu.

Papago haitoshi? (Msomaji, Kigali)

Papago ni chombo cha kutafsiri, cha Naver hao hao, na jina lake ni neno la Kiesperanto lenye maana ya kasuku. Kwa kupiga picha menyu au tangazo la ukutani ni kizuri sana. Ukitafsiri kwenda Kikorea unaweza pia kuwasha lugha ya heshima. Kumbuka kuiwasha, maana kumwuliza bibi wa watu kama amekula kwa maneno ya kijiweni ni sawa na kuingia kwa wakwe bila shikamoo.

Ubaya wake kwa mwanafunzi ni kwamba huchagua maana moja, nyingine usizione. 눈 ni jicho na ni theluji pia. 눈이 좋아요 inaweza kuwa “ana macho yanayoona vizuri” au “napenda theluji”. Chombo cha kutafsiri kitakupa moja kana kwamba hakuna nyingine. Kamusi hukuwekea zote mbili, uamuzi ukabaki kwako.

Kuna kamusi inayoandika Kikorea kwa herufi zetu? Hizi zao zinanichosha. (Msomaji, Zanzibar)

Zipo, na sikutajii hata moja. Umeona hapo juu sikukuandikia namna ya kutamka? Ni makusudi. Mfalme Sejong alibuni herufi hizi mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, na za msingi ni 24 tu. Jioni tatu zinatosha kuzijua. Maandishi ya Kilatini ndiyo yatakayokuchosha. “Seoul”, ukiisoma Kiswahili, inatoka se-o-ul, silabi tatu. Kwa Kikorea ni 서울, silabi mbili, na ile “eo” ni irabu moja tusiyokuwa nayo.

Washa kibodi ya Kikorea kwenye mipangilio ya simu: konsonanti ziko kushoto, irabu kulia. Ukishindwa, Naver inakubali uchore herufi kwa kidole. Kisha sikiliza sauti ya kila neno. 달 ni mwezi wa angani, 탈 ni kinyago, 딸 ni binti, na kwa sikio la mgeni yote matatu huwa kitu kimoja. Wewe wa pwani una nafuu kidogo: waulize wazee wa Mvita wanavyotofautisha paa la nyumba na paa wa porini, ambaye “p” yake hutoka na pumzi. Pumzi hiyo ndiyo iliyoko kwenye 탈.

Nimeona programu ya kulipia kila mwezi. Nilipe? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Nunua bando. Data za kamusi ya taasisi zina leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia, hata kibiashara, kwa hiyo angalia usije ukauziwa kilicho bure. Kwa kukariri maneno tumia Anki, programu ya kadi za maswali na majibu. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, nayo ni ya bure. Wenye iPhone ndio huilipia.

Je, hakuna ya Kiswahili na Kikorea moja kwa moja? Na Kiingereza nitakiacha lini? Naomba ufadhili wa serikali ya Korea. (Msomaji, Morogoro)

Ipo, ndani ya Naver hiyo hiyo. Imeandaliwa kwa Wakorea wanaojifunza Kiswahili, lugha inayofundishwa Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, Korea Kusini, hivyo maelezo yake ni ya Kikorea na anayeanza atapotea humo. Mimi huitumia kama hakimu: nikishapata neno kupitia Kiingereza, naandika la Kiswahili nione kama tunakutana.

Kuhusu kukiacha Kiingereza: ufadhili huo hutoa mwaka mmoja wa kusoma lugha, na kwa kawaida unatakiwa umalize ukiwa na daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni. Ukifika la 2, anza kusoma maelezo ya Kikorea katika kamusi ya taasisi kabla ya tafsiri. Yameandikwa kwa maneno mepesi. Anza na 고모: ukimwona baba mle, na dada zake, huhitaji tena kuteremka hadi kwenye “aunt”.