Maswali yenu ya sayansi: Nyuki dume hana baba, kweli?

Toleo hili meseji nyingi zimetoka huku huku Tanga, na nyingi ni za nyuki. Sijapanga kwa ukubwa wa swali, nimeanza na lile lililonifurahisha zaidi.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Pongwe. Kaka angu anafuga nyuki, kaniambia nyuki dume hana baba. Mi nikasema hakuna kiumbe asiye na baba, tukabishana mpaka mama akatutoa jikoni. Nani mkweli?

Marahaba mwanangu. Kaka ako mkweli, na si hadithi ya wafugaji, ni baiolojia kabisa.

Iko hivi. Malkia akiwa bado mdogo anatoka mzingani, anaruka juu na anapandwa hukohuko hewani na madume wengi, mara nyingi 10 mpaka 20, alafu anarudi. Zile mbegu hazitumii zote siku hiyo, anazo kwenye kifuko tumboni na anaziweka humo miaka, hatoki tena kutafuta dume. Sasa kila akitaga ana uwezo wa kuliachia yai mbegu au kulinyima. Yai likipata mbegu anatoka jike, yaani kibarua (nyuki mfanyakazi) au malkia mpya kutegemea atalishwa nini akiwa jana, yaani kitoto cha nyuki ndani ya sega. Yai lisipopata mbegu halifi, linaanguliwa vilevile, ila anatoka dume. Kwahiyo dume kila alichonacho katoa kwa mama ake, kibarua ana kromosomu (vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli) 32 na dume ana 16 tu. Na ukitaka kumchanganya kaka ako zaidi mwambie hivi, dume hana baba lakini babu anaye, maana malkia aliyemzaa ni jike na jike lazima awe na baba!

Wa kwanza kulisema hili wazi ni padri mmoja mfugaji wa nyuki wa Silesia (eneo ambalo leo liko Poland), Jan Dzierżon, mwaka 1845, na wengi walimkatalia kama wewe ulivyomkatalia kaka ako. Hakuna aibu, swali lako ndo lilelile walilobishania wakubwa.

Hili lina kazi shambani pia. Malkia akizeeka mbegu zikamwishia, au akifa na vibarua wenyewe wakaanza kutaga (wanaweza, ila hawajapandwa), mzinga mzima unatoa madume watupu. Dume hachumi, hajengi sega, halindi mlango maana hana hata mwiba. Kwahiyo kaka ako akifungua mzinga akakuta majana yote yamefunikwa kwa vifuniko vilivyotuna juu, asijisifu kuwa nyuki wameongezeka, hao ni madume na kundi linaelekea kuisha, ashughulikie malkia mapema.

Mwalimu, mimi si mwanafunzi, ni mama wa watoto wanne wa kike, naishi Makorora. Mawifi wanasema tumbo langu ndo limekataa mtoto wa kiume na mume wangu kaanza kuwasikiliza. Kuna chakula au dawa ya kubadilisha tumbo?

Dada yangu, nimeliweka swali lako hapa makusudi baada ya la nyuki, maana kwa nyuki mama ndo anaamua na kwa binadamu mama haamui kabisa. Naomba mume wako asome hapa, na mawifi wasomewe.

Mtu ana kromosomu 46, jozi 23, na jozi moja ndo ya jinsia. Mwanamke anazo X mbili, kwahiyo yai lake siku zote linabeba X, hana kingine cha kutoa hata angetaka. Mwanaume ana X moja na Y moja, mbegu zake karibu nusu zina X na nusu zina Y. Ya X ikiwahi yai ni binti, ya Y ikiwahi ni mvulana. Basi. Mwanasayansi wa Marekani anaitwa Nettie Stevens aliliona hili mwaka 1905 akichunguza wadudu wa unga kwa hadubini, kwahiyo ni jambo la zaidi ya miaka 100 na bado wanawake wanaachwa kwa ajili yake, kwakweli inaniuma.

Ila nisieleweke vibaya, sisemi sasa tumgeuzie baba lawama. Yeye naye hachagui mbegu ipi iwahi. Kila mimba inaanza upya, karibu nusu kwa nusu, haikumbuki ya nyuma ilikuwa nini. Ukichukua familia 16 zenye watoto wanne wanne, kwa wastani moja itakuwa na mabinti watupu, na si kwamba kuna mtu karogwa. Chakula hakibadilishi, mizizi haibadilishi, anayekuuzia dawa ya tumbo la kiume anakula hela yako, na baadhi ya hizo dawa zinaweza kukudhuru wewe na mtoto. Una watoto wanne, wasomeshe.

Niko Mwambani, tunarina asali kwenye mikoko. Juzi nyuki mmoja alinidunga shingoni, nikampiga, ghafla wakaja wengine kibao. Wenzangu wakanipaka mafuta ya taa. Kwanini waliongezeka, na mafuta ya taa yanasaidia?

Waliongezeka kwa sababu umeitiwa. Mwiba wa kibarua una vimeno, ukiingia kwenye ngozi yako hautoki, unanyofoka na kipande cha tumbo lake na kifuko cha sumu, yeye anakufa. Pale pale inatoka harufu inayowaambia wenzake adui yupo hapa, na inafanana na harufu ya ndizi mbivu. Ukimponda nyuki ndo unazidi kuitawanya. Ndo maana pia mnapuliza moshi kabla ya kufungua, moshi unaifunika ile harufu, alafu nyuki wakisikia moshi wanakimbilia kujaza asali tumboni na wanapungua ukali. Kama mlienda bila moshi mchana kweupe, mlijitakia.

Mafuta ya taa hapana, yanaunguza ngozi na sumu ishaingia ndani. Cha kwanza ondoka pale, kimbia moja kwa moja uingie ndani ya nyumba au gari, usijitose majini maana wanaweza kukusubiri juu. Alafu toa mwiba HARAKA, kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu hata kikiwa kimenyofoka, kwahiyo usipoteze muda kutafuta wembe au kadi, kwangua kwa kucha tu. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Kuvimba na kuuma pale ulipodungwa ni kawaida.

Kisicho kawaida ni hiki, na wenzako wote wakijue: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu mpaka mtu anataka kuanguka. Hapo mwili wenyewe umeipokea sumu kwa fujo, mishipa inalegea na njia ya hewa inabana, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache hata kwa mwiba mmoja. Anahitaji sindano ya adrenalini, kwahiyo ni hospitali hapohapo, si kesho. Na aliyedungwa na nyuki wengi kwa mkupuo apelekwe pia hata kama anaongea vizuri. Mtu aliyewahi kupata hali hiyo asirudi kwenye mizinga.

Kwanini mishipa ya mkononi ni ya bluu wakati damu ni nyekundu? Kidato cha kwanza, Muheza.

Damu haiwi bluu hata siku moja. Inayorudi moyoni ina oksijeni kidogo, inakuwa nyekundu iliyokoza, utaiona kwenye kichupa wakikutoa damu ya mshipa maabara. Bluu unayoiona ni mchezo wa mwanga ukipita kwenye ngozi na kurudi machoni.

Asali iliyoganda ina maana imechanganywa sukari? Na mtoto wa miezi mitano anaweza kulambishwa kwa kikohozi? Mama, Chumbageni.

Kuganda si ushahidi. Asali halisi imejaa sukari za asili, na ile ya glukosi inajitenga yenyewe ikawa chembechembe, asali ya maua mengine huwahi kuliko nyingine. Weka chupa kwenye maji ya moto kiasi, yasichemke, itayeyuka. Wala usiamini kipimo cha kiberiti cha barabarani.

La mtoto, usimpe, hata tone la kidole. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga bado, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Kikohozi cha miezi mitano kipeleke kliniki, asali asubiri mpaka atimize mwaka 1.