Boksi lako la kwanza la roboti: anza na kikonyo, malizia na kiuno

Ukiona roboti ya plastiki ya kuunga mwenyewe inayumba mezani, usikimbilie kulaumu viungo. Ichukue, igeuze nyayo juu, papasa kisigino kwa ncha ya kidole. Mara nyingi utakuta kijinundu cha plastiki, hakifiki hata milimita moja, kilichobaki siku ya kukata. Roboti yenye kimo cha sentimita 12 na nusu haihitaji zaidi ya hapo ili iegemee upande. Ndiyo maana maelezo haya kwa mnaoanza hapa Kigoma yanakaa sana kwenye kukata na kusimamisha. Rangi tutaipitia mbiombio, maana wengi huikimbilia mapema mno.

Kwanza boksi lenyewe. Kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza Gundam za plastiki, roboti za katuni ya Kijapani, Julai 1980, kwa kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ile ya hadithini, na kipimo hicho bado ndicho cha kuanzia. Gundam ya kwanza, RX-78-2, hadithini inahesabiwa kuwa na kimo cha mita 18. Kwa 1/144 inatoka sentimita 12.5, kwa 1/100 sentimita 18, kwa 1/60 sentimita 30. Herufi za boksini zinakuambia ugumu: HG ni 1/144, MG ni 1/100, PG ni 1/60. Mtego uko kwenye RG. Nayo ni 1/144, boksi lake halitishi, lakini ndani kuna vipande vidogo kama punje za mchele na stika za kubandika kwa kibanio. Iache kwanza. Chukua HG, au Entry Grade ambayo vipande vyake vinang'oka kwa mkono bila kifaa. Zote hushikana kwa kubonyezwa, kwa hiyo gundi ikae mbali.

Mzigo ukishapanda basi au treni kutoka Dar es Salaam hadi huku, umerushwa na kulaliwa na mizigo mingine. Kabla hujakata chochote, toa fremu zote, zile za plastiki zinazoshika vipande, na uzilinganishe na ukurasa wa kitabu cha maelekezo unaozionyesha moja moja. Kipande kilichong'oka njiani huwa kimo humo humo mfukoni. Mfuko ukishatupwa, ndiyo basi tena.

Vifaa havina makuu. Koleo dogo la kukatia, lile la mafundi simu lenye upande mmoja bapa, linatosha kwa kazi ya mwanzo. Ongeza kisu chenye wembe mkali, kibanio, na msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, ule wanaotumia mafundi rangi za magari. Kata msasa vipande vyembamba uvibandike kwenye kijiti cha aiskrimu. Ukisugua kwa kidole kitupu, kona zinageuka mviringo na roboti inaonekana kama sabuni iliyotumika. Fanyia kazi ndani ya sinia lenye ukingo, na chini yako tandika shuka jeupe. Usikae juu ya mkeka, mkeka unakula vipande.

Kitabu kimeandikwa Kijapani lakini kinasomeka kwa michoro. A7 maana yake kipande namba 7 kwenye fremu A. ×2 maana yake tengeneza viwili. Usikate vyote kwa mkupuo ili uvipange vizuri kama karanga za sokoni, kwa sababu namba zinabaki kwenye fremu na wewe unabaki na vipande visivyo na majina. Kata vya hatua moja, unga, endelea.

Sasa kikonyo. Kila kipande kimeshikwa na fremu kwa vikonyo viwili, vitatu au zaidi, kama embe tawini. Mgeni huweka koleo shingoni mwa kipande na kukata mara moja. Matokeo yake ni doa jeupe, au kishimo kilichong'olewa kwenye mwili wa kipande. Sababu ni kwamba meno ya koleo ni kabari: yanapozama, yanasukuma plastiki pembeni. Fremu ni ngumu na imeshikwa pande zote, haina pa kwenda, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye kipande. Dawa ni kukata mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali, milimita tatu hadi tano, ili kipande kitoke kwenye fremu. Mkato wa pili, upande bapa wa koleo ukielekea kipande, uache kisiki cha nusu milimita hadi milimita moja. Sasa kisiki kiko huru, kinasukumika nje, na kipande hakiumii.

Kisiki hicho kichonge kwa kisu, maganda membamba kama ya kiazi, usikinyofoe kwa mara moja. Ukifika karibu na ngozi ya kipande, weka kisu chini: msasa 400 kidogo, 600, kisha 1000. Kwenye plastiki ya bluu, nyekundu na nyeusi madoa meupe huonekana zaidi; doa dogo likisuguliwa kwa ukucha hufifia. Vipande vya kuona ndani, kama vile vya macho na panga za mwanga, ni vikavu na hupasuka, kwa hiyo viachie kisiki kirefu zaidi. Nyayo na mashimo ya viungo ndivyo vya kukaguliwa mara mbili. Kisiki kilichobaki kwenye ukingo unaokutana na nusu ya pili huacha ufa ambao hata ukibonyeza mpaka dole gumba liume haufungi.

Kosa linalorudi mara kwa mara: kusahau vile vipande laini vya kijivu, kwa boksi zenye fremu ya alama PC. Hivyo ndivyo mishiko ya ndani ya magoti, mabega na nyonga. Ukifunga nusu mbili za paja bila kuweka cha ndani, hutajua mpaka mguu uchomoke. Kabla ya kubonyeza, tazama mchoro na uhesabu vinavyotakiwa kuwemo ndani. Ikishafungwa kimakosa, usiingize kisu. Tafuta mfereji mdogo kwenye ungio, pitisha kona ya kadi ya zamani ya benki, sukuma pole pole pande zote mbili.

Rangi, kwa ufupi. Boksi la HG limeshakuja na rangi kwenye plastiki. Mistari ya mwilini ipitishe kwa penseli ya kubofya ya 0.5 au kalamu nyembamba: kijivu juu ya nyeupe, kahawia juu ya nyekundu na njano. Thina ya duka la rangi za nyumba iache huko huko, inayeyusha plastiki hii. Petroli nayo inapasua viungo. Ukitaka kupuliza rangi ya juu isiyong'aa, shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, puliza safu nyembamba, na vipande vya kuona ndani uviondoe kwanza la sivyo vitakuwa na ukungu. Kati ya Novemba na Aprili, hewa ikiwa nzito kwa mvua, unyevu unanaswa chini ya rangi na roboti inatoka imepauka kama iliyopakwa majivu. Subiri siku kavu ambayo upepo wa ziwani umetulia. Ule wa kiangazi unakuja na vumbi jekundu, na vumbi likishagandia kwenye rangi mbichi halitoki.

Kusimamisha ndiko kunakotenganisha roboti na kopo. Wengi huanza na mikono: bunduki juu, ngao mbele, miguu imenyooka kama nguzo za umeme. Anza na kiuno. Ukitaka mfano wa bure, kaa bandarini uwatazame wapagazi wanaobeba magunia: uzito ukipanda begani, nyonga huhama kwanza, goti moja linalegea, mguu wa pili unabeba, na bega lililo upande wa mguu unaobeba linashuka. Fanya hivyo hivyo. Tanua miguu kupita mabega kidogo, mmoja mbele. Kunja magoti yote, moja zaidi ya lingine. Zungusha kiuno kidogo upande mmoja na kifua upande wa pili. Kichwa kitazame kule bunduki inakoelekea. Kisha rudi kwenye vifundo vya miguu na uvilaze mpaka wayo mzima uguse meza. Pitisha karatasi chini, ikiingia kwenye ukingo wowote, kifundo bado.

Ikikataa kusimama, tumia timazi kama fundi mwashi. Funga nati ndogo kwenye uzi, shikilia uzi usawa wa shingo ya roboti, tazama kutoka mbele na kutoka ubavuni. Nati ikining'inia nje ya eneo lililo kati ya nyayo, roboti huenda ikaanguka. Mgongo wenye mitungi mizito unavuta nyuma, hivyo inamisha kifua mbele na urudishe mguu mmoja nyuma. Bunduki ndefu inavuta mbele: sogeza kiwiko karibu na mbavu, au mkono wa pili uishike kwa chini. Ukizungusha kiungo kigumu, shika karibu na kiungo chenyewe, si mwisho wa mkono.

Kiungo cha kipira kilicholegea kina dawa ya supaglu ya maji. Paka safu nyembamba juu ya kipira, kiache kikiwa kimechomolewa hadi kesho yake, kisha ndipo urudishe. Ukirudisha mapema umegandisha bega milele. Kwenye vile vilaini vya PC haisaidii, haishiki. Na mvuke wake huacha weupe kwenye vipande vya kuona ndani, kwa hiyo viweke chumba kingine.

Kwa picha, geuza simu kichwa chini ili kamera iwe karibu na meza, usawa wa magoti ya roboti. Ukipiga kutoka juu utapata mwanasesere.

Rafu isiwe mbele ya dirisha linalotazama ziwa. Huko ndiko jua linakozama, na jua la alasiri hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano. Na ukiipeleka mtaa wa Mwanga kuionyesha, ukitokea Ujiji kwa bodaboda, chomoa kwanza pembe za kichwani na bunduki, uvifunge peke yake kwenye kitambaa. Kiwiliwili kinavumilia matuta, pembe hazivumilii.