Ripoti nne zinakubaliana: je, ninunue?

SWALI: Shikamoo mzee. Nataka kununua ghorofa moja ya ofisi pale Posta, Dar es Salaam, kwa mkopo wa benki. Mshauri kanipa ripoti inayosema kodi ya pango itapanda asilimia 6.4 kila mwaka kwa miaka mitano. Kuna nyingine tatu, zote zinakaribiana. Niziamini?

JIBU: Marahaba. Hiyo nukta nne ameitoa wapi mtu asiyejua kama mwakani jengo litakuwa na wapangaji?

Ila kinachonichosha zaidi ni hilo la "zote zinakaribiana". Nalisikia kila wiki. Watabiri hawa wanakula chungu kimoja: takwimu zilezile, wathamini walewale, na kila mmoja anamchungulia mwenzake. Mtabiri akikosea pamoja na wote, anabaki na kazi yake. Akikosea peke yake, anaipoteza. Uingereza makadirio ya makampuni mengi hukusanywa pamoja, na watafiti walioyapima waliyakuta yamebanana, kisha soko likaenda kwingine: miaka mizuri ilizidi walivyosema, mibaya nayo ikazidi. Toka katikati ya 2007 hadi katikati ya 2009, thamani ya majengo ya biashara kule ilishuka zaidi ya asilimia 40.

Hapa kwetu, uamuzi wa kuhamia Dodoma ulikuwepo tangu 1973. Tuliuzoea hadi tukaacha kuuhesabu. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahama, na ikahama kweli. Mwenye jengo aliyetegemea wapangaji wa serikali, ripoti ingemsaidia nini?

Halafu kuna kodi ya kwenye karatasi. Soko likilegea, mwenye jengo hashushi bei, anampa mpangaji miezi sita ya bure. Kwenye ripoti bei haijatikisika, mfukoni imeshuka.

Nenda pale saa nne asubuhi, soma kibao cha wapangaji mlangoni, hesabu nafasi tupu. Mwulize mlinzi lifti husimama ghorofa zipi. Kisha piga hesabu ya rejesho la benki ghorofa ikiwa tupu mwaka mzima.

Na hao "washauri" wenye grafu za rangi, wanaokutumia ripoti bure kabla hujaiomba: uliza kamisheni yao inalipwa na nani. Wengi niliowauliza walibadilisha mazungumzo.